Kilomita Arobaini na Saba Hadi Ukuta Ule

Kijiwe chetu ni benchi moja refu la mbao, lililoegemezwa kwenye ukuta wa duka la kinyozi. Nitawataja wanaokaa hapo kwa utaratibu, kwa kuwa sipendi watu kutajwa ovyo. Kushoto hukaa Kepteni, aliyeendesha lori miaka thelathini na hajawahi kupanda chombo chochote cha majini. Jina lilitokana na kofia. Katikati ni Gundi, fundi viatu. Kinyozi anaitwa Profesa, naye husimama mlangoni na kitana mkononi, maana akikaa hawezi kubishana. Mwisho wa benchi nipo mimi, mchoraji mstaafu wa idara ya ramani. Wao huniita Mzee Rula. Kahawa ni ya Mama Birika, anayeishi nyumba ya pili kutoka hapo. Ng'ambo ya barabara, hatua arobaini kwa miguu yangu, ni ukuta wa shule ya msingi. Wiki iliyopita mpira wa wanafunzi uliruka ukuta huo ukaangusha vikombe vinne.

Siku ile, saa nane na nusu mchana, Mama Birika alinimiminia kahawa bila salamu, akachomoa barua mfukoni mwa aproni.

— Rula, nisomee tena. Labda asubuhi nilikuwa na usingizi.

Nikasoma. Ombi la mjukuu wake kuanza darasa la kwanza limekataliwa. Shule inapokea watoto wanaoishi ndani ya kilomita mbili. Kwa namba zilizojazwa kwenye fomu, nyumba yao iko kilomita arobaini na saba kutoka shuleni, uelekeo wa nyuzi mia tatu na tano. Rufaa ifike ofisi ya elimu leo, kabla ya saa kumi.

— Kutoka ukuta ule? — akauliza Gundi, akionyesha kwa kiatu alichokuwa anakishona.

— Ukuta uleule — akasema Mama Birika. — Kengele yao ndiyo inayoniamsha. Sare mama yake ameshashona. Mtoto analala nayo! Sasa nimpeleke shule gani, ile ya kuvuka barabara kuu, kwenye malori?

— Nyuzi mia tatu na tano ni wapi? — Kepteni akaniuliza.

Nikamweleza kwamba unaanzia kaskazini, unazunguka kama mshale wa saa, na ukifika mia tatu na tano unakuwa unatazama kati ya kaskazini na magharibi.

— Kule? — Kepteni akapiga goti lake. — Nimepita kule mara elfu! Kilomita arobaini na saba ni bwawani kabisa. Mama Birika, umehamia bwawani na hukutuaga.

— Kepteni, usinichezee leo.

— Sichezi, dada. Mimi nakwambia walivyopima. Wametumia lori. Barabara ina kona, kuna mzani, kuna kuzunguka kwa ajili ya daraja bovu. Kilomita zinajaa hivyohivyo.

— Lori kutoka hapa hadi pale? — nikasema. — Umbali wa namna hii hupimwa kwa mstari ulionyooka, nukta hadi nukta.

— Kunyooka kwenye dunia ya mviringo! — Gundi akadakia. — Hebu niache niseme. Geti la shule linatazama kule, sivyo? Na mlango wa Mama Birika unatazama huku. Vimepeana mgongo. Sasa ukitoka getini ukaenda mbele tu, mbele tu, bila kugeuka, utaufikiaje mlango wake? Lazima uizunguke dunia.

— Gundi, kuizunguka dunia ni kilomita elfu arobaini — nikasema.

— Basi wametupunguzia! Tushukuru.

Mama Birika akaweka birika chini kwa kishindo.

— Mnaniulia muda. Namba za kwenye fomu aliziandika Rula mwenyewe, kwa mkono wake. Huko hakuna kosa. Kosa liko ofisini.

Nilitikisa kichwa kukubali. Kweli niliziandika mimi. Mtaa huu niliuchora mwenyewe zamani, na latitudo na longitudo yake ninazo kichwani. Fomu ilikuwa na visanduku viwili, kisha nukta iliyochapwa, kisha visanduku viwili tena, na namba zangu zilienea vizuri mno. Nilikumbuka hata nilivyofurahi.

— Wote hamjui kitu — akasema Profesa kutoka mlangoni. Mteja wake alikuwa ndani, amenyolewa upande mmoja. — Dunia imeinama. Imeinama kiasi gani, Mzee Rula? Sema ukweli.

— Nyuzi ishirini na tatu na nusu — nikajibu shingo upande.

— Mmesikia! Mtoto anakwenda shule, anarudi. Kwenda ishirini na tatu na nusu, kurudi ishirini na tatu na nusu. Jumlisha!

Gundi akahesabu kwa vidole. Kepteni akavua kofia.

— Arobaini na saba — wakasema pamoja, kwa sauti ya watu waliofunuliwa siri.

— Profesa, wee mtu hatari! — akasema Kepteni.

— Andikeni hivyohivyo kwenye rufaa. Wapunguze mwinamo.

Hapo nilichoka kabisa. Kilichonikera ni kwamba hesabu yake ilitoka sawasawa. Nikachukua bahasha ya barua, nikatoa penseli, ili niwaonyeshe mara moja jinsi umbali unavyokokotolewa, na jinsi ofisi ilivyofanya uzembe. Nikaandika dakika zangu: thelathini na saba za latitudo, hamsini na mbili za longitudo. Nikaitazama ile nukta kwenye nakala ya fomu iliyokuja na barua.

Nyuzi moja ina dakika sitini. Lakini baada ya nukta, nyuzi moja hugawanywa kwa mia. Dakika thelathini na saba zilipaswa kuandikwa sitini na mbili, na hamsini na mbili zilipaswa kuwa themanini na saba. Mimi niliziandika kama tulivyofundishwa kuziandika, nikaziacha zikae baada ya nukta. Nikaziandika sahihi kando, nikakokotoa tofauti yake na zile za fomu: kaskazini kilomita ishirini na saba, magharibi thelathini na nane. Mstari wa mshazari kati yake, arobaini na saba. Uelekeo, nyuzi mia tatu na tano.

Ofisi ilikuwa imepima vizuri sana.

Nikaikunja bahasha. Kepteni alikuwa sasa anadai bwawa lina samaki wanaojua kusoma, na hakuna aliyenitazama. Ningeweza kunywa kahawa yangu nikamaliza.

Ndipo akafika binti wa Mama Birika, mama wa mtoto, mshonaji wa sare, bado ana futi ya kupimia shingoni na fomu ya rufaa mkononi. Alikuwa ameomba ruhusa kazini.

— Shikamooni. Nimejaza zote, umebaki mstari mmoja. Wanauliza, kosa lilitokana na nini? Niandike nini hapa?

Profesa alikitazama kitana. Gundi aliinamia kiatu. Kepteni alivaa kofia.

— Haya — akasema Mama Birika. — Tangu saa nane na nusu mnabwabwaja. Mjibuni!

— Andika — nikasema — kwamba aliyejaza fomu alichanganya dakika na nukta. Namba sahihi ni hizi hapa kwenye bahasha. Na aliyejaza ni mimi.

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Mama Birika akakitoa kikombe mkononi mwangu, kikiwa nusu.

— Utakimaliza ukirudi. Nenda naye ukawaambie hivyohivyo kwa mdomo wako.

Kengele ya shule ikalia, karibu kabisa na masikio yetu. Saa tisa na nusu.

— Baba — binti akaniuliza — huko ofisini ni umbali gani?

Kepteni akafungua mdomo. Profesa akainua kitana.

— Atakayetaja kilomita — akasema Mama Birika, birika mkononi — nammwagia hii iliyobaki.

Jibu nilikuwa nalo, hadi mita. Nikachukua fimbo yangu, nikatangulia.