Silinda Nane za Idarus

Peres, mshonaji wa Ngara, alipanda basi linalopitia Westlands akaketi nyuma ya mume na mke wa pwani waliokuwa wameuza gari lao kuukuu, sasa wanakwenda kuchagua jipya. Hakukusudia kuwasikiliza, ila Bwana Idarus alikuwa na sauti ya muadhini.

"Gari kubwa la petroli, Salme, silinda nane. Tope la njia ya Lamu haliliwezi."

"Silinda nane zitakunywa petroli mpaka turudi kwenye chai kavu," mkewe alijibu. "Chukua dizeli ya silinda nne. Haina mbio, lakini kila fundi anaijua. Na liwe na milango minne, nisiruke viti kama mbuzi."

"Dizeli ndiyo iliyotukwamisha Garsen."

Peres akaacha kutazama nje.

"Mamako alizikwa sisi tuko njiani," Idarus alisema, na sauti ile ikawa ya kutegewa sikio. "Hujanilaumu hata siku moja. Bora ungenilaumu."

"Baba Zainab, ulishinda chini ya gari, mvua inakunyeshea, ukitafuta ubovu. Nikulaumu kwa lipi?"

Idarus alijipangusa uso kwa kofia yake. "Basi silinda nane."

"Nne, mume wangu."

Basi likasimama Westlands. Idarus alitangulia kushuka, akamnyooshea mkewe mkono, wakaondoka wakibishana bila kuachana mikono. Peres aliwafuata kwa macho, akiomba dereva asiwe na haraka ya kuondoka.