Kila Mlinzi na Kipande Chake

Benchi lililo mkabala na duka la Tabitha la dawa za mifugo, hapa Kitengela, ni langu, na kahawa inayonywewa hapo ni yangu, kwa hiyo upuuzi wote huanzia masikioni mwangu. Asubuhi hiyo kesi ilikuwa moja. Jumamosi jioni mtu aliingia kwenye kompyuta ya duka kwa paswadi ya Resian, keshia, akafuta oda za wateja. Sasa Tabitha alikuwa amemwita Resian ofisini amfute kazi. Benchini walikaa watatu wanaolipwa kulinda duka hilo: Waya, fundi wa kompyuta, Lenzi, fundi wa kamera, na mzee Tochi, askari wa geti.

— Kompyuta haidanganyi, — Waya alianza. — Imeandika ni Resian. Na antivairasi nilimwambia Tabitha anunue, akanunua.

— Mimi nilimwambia aongeze kamera, akaongeza, — Lenzi akadakia. — Na hiyo Jumamosi jioni zinaonyesha ofisi tupu. Ni kiti tu.

— Basi ni jini, — Waya akasema.

— Jini wapi! — Lenzi akapinga. — Ni setilaiti. Inashukia kwa waya ya stima, inaingilia kwa mita ya tokeni.

— Mngeniskiza ukuta uongezwe tena, — Tochi akanguruma. — Wezi wa siku hizi wanaruka na kompyuta kwa mgongo. Huyo Resian mwenyewe nilimfungulia geti hiyo Jumamosi mchana, akaenda harusi Illasit, mbali huko mpakani. Alirudi Jumatatu.

Niliacha kumimina.

— Si mweke hayo maneno pamoja?

— Wamaitha, mtaka yote hukosa yote, — Waya alinijibu. — Kila mtu na idara yake.

— Haba na haba hujaza kibaba, — Tochi akasema. — Hii haba ni yangu, siwezi jaza kibaba ya Waya.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, — Lenzi akakubali, akachukua andazi la pili.

Ndipo Resian akatoka dukani na mkoba wake, macho mekundu, akavuka hadi benchini. Alikuwa amesikia mabishano yao.

— Mzee Tochi, ulinifungulia geti?

— Ee, mimi mwenyewe.

— Lenzi, kiti yangu ilikuwa tupu?

— Tupu kabisa.

— Sasa ni nani kati yenu alimwambia Tabitha?

Waya alichungulia kikombe chake. Lenzi alitafuna polepole. Tochi akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari. Nilikasirika, nikafunga thamosi.

— Kahawa imeisha, — nikawaambia. — Vukeni barabara. Wote watatu, pamoja.

Thamosi ilikuwa bado nusu. Nikammiminia Resian.