Damu ya Kambale Ndani ya Ngozi Yangu

Bwana ainuliwe, ndugu zangu! Mnaniona nimevaa mikono mirefu na kofia hata humu kanisani. Nisameheni, ngozi yangu haivumilii jua.

Kabla ya vita niliugua ugonjwa wa damu. Binti yangu aliyeolewa Ubelgiji alituita kule, mimi na mdogo wangu Kambale. Madaktari walichota uboho, ule unaotengeneza damu, ndani ya mifupa ya Kambale, wakanitia mimi. Nikapona! Tulirudi kwetu Butembo tukiimba.

Mwaka haukuisha. Ngozi ikaota madoa, kisha ikakaza kama ngozi ya ngoma. Vidole vikakataa kukunjika. Kinywa kikajaa vidonda, hata sombe, majani laini ya muhogo, iliniunguza. Watu wakaacha kunipa mkono. Madaktari walikuwa wamenionya kwamba haya yanaweza kutokea, lakini mimi, mtu niliyesoma, nilisimama mbele ya ukoo mzima nikasema, "Kambale ameniloga kwa damu yake."

Alilia. "Yaya, mukubwa wangu, nilikupatia mifupa yangu. Nikuloge nikitafuta nini?"

Nilimfukuza katika shamba la baba yetu. Vidonge walivyonipa madaktari nikavitupa chooni. Yeye na mke wake Kahindo wakaenda kulima Eringeti, na vita vikawakuta huko.

Ngozi ilipoanza kupasuka, nilikwenda kwa daktari mmoja wa Beni. Alitikisa kichwa. "Muzee, hapana bulozi. Damu ya mudogo wako inaona ngozi yako kama mugeni, njo maana inaipiga. Dawa njo inaituliza."

Nilitoka pale nikamtafuta Kambale kati ya wakimbizi waliojaa mjini. Nilimkuta Kahindo peke yake. Mume wake alikuwa ameuawa shambani.

Nilipiga magoti. Sikuthubutu kunyoosha mkono. Yeye aliushika, akaugeuza, akatazama mipasuko.

"Shemeji, uko unameza dawa?"

"Hapana."

"Meza! Damu ya bwana yangu imebakia mule tu. Unataka kumuua mara ya pili?"

Ndugu zangu, siku ile Mungu alinifungua! Ngozi bado ni ngumu, vidonge ninameza. Kahindo sasa analima lile shamba la baba yetu. Lakini nilimchafua Kambale mbele ya watu, na mbele ya watu ninasema: hakuniloga. Alinipa uhai. Yeye hatasikia.

Asante Yesu, umenivumilia! Na wewe uliyemwita ndugu yako mlozi, mtumaini Bwana, usiogope aibu. Nenda kwake angali anaweza kukujibu.