Umanjano Majini

Feri ilikuwa haijaacha gati, na gazeti la Kefa, karani wa bandarini, lilikuwa limeshageuka pambo. Masikio yake yalikuwa kwa wanawake wawili mbele yake, waliojuana foleni tu.

"Wawili wa kwanza walizaliwa wa manjano, wakafa," alisema Mwanarusi, amempakata mtoto. "Mamake mume wangu akasema nawaua mwenyewe kwa kula manjano ya mchuzi."

"Hakukosea, mwanangu," alijibu bibi mwenye kikapu. "Ukila rangi, maji ya uzazi yatakosaje rangi?"

"Rangi yatoka kwa mtoto, bibi! Damu yangu yapigana na yake. Yake ikivunjika yatoa umanjano, nao waingia majini. Daktari alinidunga sindano tumboni, akavuta maji, akauona. Akanizalisha mapema, huyu akabadilishwa damu."

"Na huo umanjano wapitia wapi? Kwenye mkojo?"

"Nilimuuliza. Asema huenda wapenya kitovuni, huenda wamtoka mtoto mapafuni. Wenyewe bado wabishana."

"Basi nami naingia ubishi. Manjano acha, wallahi!"

Kefa, aliyetoka kula biriani, alijipapasa kitambi kwa wasiwasi.

Feri ikagota Likoni, bibi akingali ataja manjano. Juu ya mteremko alisimama mamake mume, mikono kiunoni. Mwanarusi akamfunua mtoto uso, mweusi, mnene, apiga kelele kama king'ora cha meli. Akapanda polepole, ili Likoni nzima ipate nafasi ya kutazama.