Maisha ya Mdogo Wangu, Mchezaji wa Kwanza wa Akiba

Ndugu waombolezaji, nani kati yenu amewahi kumwona marehemu akicheza tenisi, hata seti moja? Msiangaliane, nyosheni mikono. Ukiacha mumewe na mheshimiwa wa safu ya mbele, namwona kocha wake wa chuo, namwona mama mmoja mgeni kule nyuma, basi, wameisha, na ninyi wengine ambao tangu juzi mnamlilia mwanamichezo wetu, fahari ya ukoo, endeleeni kuvaa hizo fulana zenye picha yake, ila nivumilieni mpaka nimalize, maana familia ilinikabidhi mimi, dada yake mkubwa, kazi ya kusoma historia hii, na wanaojuta wamechelewa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1979, katika hospitali ya serikali, mtoto wa tatu na wa mwisho wa baba yetu, mhasibu wa kiwanda cha saruji, na mama yetu, mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Alianza shule mwaka 1986, akamaliza sekondari mwaka 1997 kwa alama ambazo mama alizitangaza mtaa mzima, na jioni zote za miaka hiyo alikuwa akipiga mpira kwenye ukuta wa kantini ya kiwanda, kwa raketi iliyoachwa na meneja mmoja aliyehamishwa, huku mpishi akimfokea, "We mtoto, ukuta wangu umekukosea nini?", na mama akisema hakumzaa binti aje kukimbizana na mpira kama kuku aliyeona panzi.

Mwaka 1998 alijiunga na chuo kikuu kusomea takwimu, na huko akakutana na kocha, ambaye kwa mshahara alikuwa mhadhiri wa zoolojia na kwa roho alikuwa mtu wa uwanjani, kwenye uwanja mmoja wa saruji ulioota majani katika nyufa, akamtazama akikimbilia mipira ambayo wenzake waliiacha ipite, akamwambia, "Mkono wako ni wa kawaida sana, binti, lakini huchoki, wewe ni punda," na jina likamganda, yeye mwenyewe akaliandika kwa wino kwenye mkoba wake, na shangazi aliyenisihi jana nisilitaje hapa anisamehe, marehemu alilipenda. Mwaka wa pili aliwafunga wasichana wote wa timu, akamfunga na mvulana namba mbili, ambaye leo ni mheshimiwa aliyeketi safu ya mbele, na ambaye anaendelea kusisitiza kwamba siku ile tumbo lilikuwa linamsumbua, na mwezi Juni 2001 akachukua ubingwa wa vyuo vikuu.

Septemba ya mwaka huo aliingia kwenye tenisi ya kulipwa, na kama mnafikiria ndege na hoteli, fikirieni tena, kwani alianza chini kabisa, kwenye michujo ya mashindano madogo, ambako mtu hufua gauni la mechi kwenye sinki la choo cha stendi na kulivaa bichi asubuhi, akipanda pointi kwa pointi, kutoka nafasi ya mia tisa na ushee duniani hadi ya mia tatu na arobaini, na hapo ndipo mjomba wetu, aliyekuwa ameapa kwamba hawezi kumsaidia binti anayevaa sketi fupi mbele za watu, alipoitundika picha yake ofisini, akiwa na sketi ile ile.

Ni katika safari hizo alipokutana na shemeji yetu, fundi wa kufunga nyuzi za raketi, kijana mwenye sugu vidoleni, aliyezunguka na mashine yake kutoka shindano hadi shindano, na sitamnyima haki yake, alimfungia raketi vizuri, alimbebea mikoba, alimchekesha alipofungwa, na mapema kabisa alimwomba warudi nyumbani wafungue duka la vifaa vya michezo, naye akamjibu, "Subiri kwanza, baba, nicheze moja kubwa tu."

Hiyo moja kubwa ilifika Mei 2003. Alishinda mechi mbili za mchujo, akafungwa ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho, akawa mchezaji wa kwanza wa akiba, maana yake, kwa msiojua, mchezaji wa shindano kuu akijitoa, wa kwanza wa akiba huchukua nafasi yake, ila lazima awepo pale pale, asipoonekana anaitwa wa pili. Asubuhi ya siku ya ufunguzi alifanya mazoezi, akangoja, na kwa vile wasiwasi ulikuwa umemnyima usingizi, akajilaza sakafuni katika chumba cha mafundi wa nyuzi, nyuma ya meza ya mchumba wake, akamwambia, "Wakiniita, niamshe." Alipoamka, ubaoni palikuwa pameandikwa jina la msichana aliyekuwa wa pili, tuliyemjua kwa jina la Shoto, na mchumba akamwambia kwa huzuni nyingi, "Wamekutangaza mara mbili, mpenzi, nimekutikisa, hukuamka kabisa." Shoto alishinda mechi mbili pale, akacheza tenisi ya kulipwa miaka mingi iliyofuata. Mdogo wangu alicheza hadi mwisho wa mwaka, akifungwa na watu aliokuwa akiwafunga, akaacha.

Walifunga ndoa tarehe 20 Novemba 2004, wakafungua duka, wakajaliwa mtoto wa kiume na wa kike, naye akaajiriwa kufundisha hisabati sekondari, na ukoo huu ukapata kichekesho cha kudumu, maana hapakupita arusi bila mtu kupaza sauti, "Mwamsheni Bibi Usingizi, asije akakosa keki!", na aliyekisimulia vizuri kuliko wote alikuwa shemeji, aliyejua kukoroma kwa kuigiza mpaka watu wakajishika mbavu. Marehemu naye alicheka. Lakini tangu siku ile ya Mei hakulala tena mchana, si kwa homa, si alipotoka kujifungua, na kando ya kitanda chake aliweka saa tatu za kengele.

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akalazwa, na mwezi uliofuata Shoto alikuja kumjulia hali, nikiwa nimekaa hapo dirishani namenya chungwa, akamwambia, "Punda, miaka yote najiuliza, kwa nini uliondoka asubuhi ile?" Mdogo wangu akasema, "Niliondoka kwenda wapi?" Shoto akashangaa, "Si karani wa shindano alikuja kukuulizia chumba cha nyuzi, akajibiwa umeshapanda basi?" Marehemu akasema polepole, "Kumbe hakuna aliyeniita."

Alimuuliza mumewe. Mara ya kwanza alijibiwa kwamba ni zamani mno, mara ya pili shemeji alitoka kwenda kuangalia gari, mara ya tatu alimwambia mgonjwa hatakiwi kujichosha. Alifariki tarehe 3 Machi bila jibu, lakini aliniachia agizo, "Dada, tukiwa wawili atanidanganya tena, muulize penye watu."

Tunawashukuru madaktari, ambao hawakumficha ukweli, wauguzi, majirani waliotuletea viti na kulala nasi sakafuni, walimu wenzake waliobeba vipindi vyake, na Shoto, yule mgeni kule nyuma, aliyesafiri kutoka mbali. Punda, mdogo wangu, umekimbia vya kutosha, tua sasa, utulie.

Lakini hatujambeba bado. Shemeji, simama. Mpeni kipaza sauti. Nani alimjibu karani?

"Dada, jamani, mbele ya watoto?"

Mbele ya watoto, ndiyo, si ndio uliokuwa ukiwakoromea?

"Basi, shemeji. Ni mimi. Karani alisimama mlangoni, nikamwambia ameshapanda basi. Angecheza ile, asingerudi na mimi. Alikuwa hapo nyuma yangu, kichwa kwenye mkoba wa raketi. Sikumtikisa. Nilizima mashine, kelele zisimwamshe."