Menyu ya Kurasa Sita

Hamjambo nyote. Mwenyekiti wa jumuiya yetu ameniomba niwe mpole leo. Nitajaribu, ila naona mliokaa nyuma mtanishinda. Sitaji mtu. Anayejijua asiiname, tutamtambua.

Niliacha kazi ya kutunza wazee nikafungua mkahawa pale Wheaton, huku huku ughaibuni. Kabla sijanunua hata sufuria, mkaniundia kamati. Nani aliwaomba? Kila Jumapili baada ya ibada mnanizunguka, sahani ya bure mkononi, kila mtu mtaalamu. Huyu anasema bila matoke nimekwisha. Huyu anataka samaki wa nazi, eti watu wa Pwani watajaa mpaka nje. Mwingine, ambaye kwake hupika mayai tu, akaapa kwamba nisipoweka mutura, ile soseji ya damu, nimewasaliti. Na mimi, mjinga kuliko nyote, nikaandika kila kitu. Menyu ikafika kurasa sita.

Viti nikavivisha vitambaa vyeupe kama vya harusi. Siku ya ufunguzi mkaja, mkasali, mkala, mkapiga picha. Ndugu zangu, nawaambia, tangu siku hiyo sikuwaona tena pale mkahawani.

Sasa sikilizeni. Ukiwa na kurasa sita za chakula, hakuna hata kimoja kilichoiva. Mtu akiagiza matoke, shemeji yangu, ndiye mpishi, ndiyo kwanza anaanza kumenya. Mteja anangoja, anaangalia simu, anaondoka. Samaki wa nazi waliishia kwenye pipa la taka. Mwenye jengo akaanza kunidokezea kwamba kuna mtu anaitaka ile nafasi afungue duka la simu. Nililia kule stoo, sioni haya kusema. Niliogopa kurudi kwenu nikiwa mkono mtupu, mnipe pole zenu.

Ndipo mchana mmoja akaingia dada wa Kongo, amevaa yunifomu ya kazi.

"Mama, naenda kazi, basi inakuja. Nini iko tayari?"

Nikampa menyu. Akaifunga bila kuisoma.

"Hapana, mama. Ile anakula yule, nipatie ile."

Alimwonyesha shemeji, aliyekuwa nyuma ya kaunta na ugali wake, maharage na sukuma. Niliona aibu kumpa mteja chakula cha wafanyakazi! Akala akiwa amesimama, akafuta sahani, akakimbilia basi. Kesho yake alirudi na wenzake wa zamu. Hakuna aliyegusa viti vyangu vya harusi.

Nikaitupa menyu. Siku hizi tunapika sufuria chache asubuhi, zikiisha tunafunga. Mwenye jengo haniletei tena habari za duka la simu. Anakuja kula.

Namshukuru shemeji, hakuniacha. Namshukuru yule dada, ambaye hata hajui alichonifanyia. Na wewe unayetaka kufungua mkahawa, usimsikilize mtu aliyeshiba. Muulize mwenye njaa anayewahi kazini.

Wiki jana mwanakamati mmoja alikuja hatimaye. Akaagiza matoke. Nikamwambia kuna maharage. Akala sahani mbili, akapangusa mdomo, akasema, "Dada, sasa fungua mwingine kule Landover. Ila huko uweke matoke."

Nilikuwa nimebakisha nakala moja ya ile menyu. Nikamfungia pamoja na chapati alizonunua za kubeba, nikamwambia aende nyumbani akaanze kupika.