Fundi wa Boti Ndogo Aliyeikataa Haraka

Ndugu, majirani na mabaharia mliofika, familia inawasomea maisha ya kaka yetu mkubwa, ambaye hata mama yetu mzazi aliishia kumwita Fundi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na karakana ya baiskeli ya baba yetu, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, akaendelea na sekondari hadi kidato cha pili, kisha akaingia chuo cha ufundi, ambako alihitimu tarehe 27 Novemba 1970 katika fani ya injini ndogo.

Tarehe 3 Juni 1972 aliajiriwa katika meli ya kupima kina cha bahari, ambayo kwa ukubwa wake haikuweza kusogea ufukoni, ikawa inatia nanga mbali, na mabaharia wakaja nchi kavu kwa boti ndogo ya injini. Boti hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kila asubuhi aliishusha kwa winchi, akaiwasha, akatazama kama maji ya kupoza injini yanatoka sawasawa, akaizunguka meli peke yake, ndipo akaruhusu mwingine apande, maana alisema ikizimika kwenye majaribio, heri apotee mmoja.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975, wakajaliwa binti, na tarehe 9 Agosti 1981 redio ya meli ikaleta habari kwamba mkewe ameshikwa na uchungu wa mtoto wa pili. Siku hiyo hakufanya majaribio. Alipakia wenzake, wakaondoka, na katikati ya safari maji yakawafika magotini, kwa sababu kizibo cha sakafuni, ambacho huchomolewa boti ikiwa imepandishwa ili maji ya mvua yatoke, hakikurudishwa. Kilikuwa mfukoni mwa shati lake. Walichota maji kwa viatu, mpishi asiyejua kuogelea akimlilia mama yake, na hatari ilipopita mpishi huyohuyo akasema, "Fundi, kumbe kizibo nacho kilitaka kwenda kumwona mzazi!" Walicheka wote isipokuwa yeye. Injini ilikuwa imeingia maji, wakavutwa kurudi melini, na mtoto wa kiume akazaliwa baba hayupo.

Tangu hapo hakujiamini tena katika njia ya nyumbani. Aliwafikisha wenzake nchi kavu, akarudi na boti kuiosha injini kwa maji yasiyo na chumvi, na zamu yake ya mapumziko akampa mwingine, mwaka baada ya mwaka. Shemeji yetu, mwanamke asiyemumunya maneno, alimwambia mbele yetu, "Baba Watoto, kizibo kimoja tu, nawe umekifanya mke wa pili." Alitabasamu, akainama kufunga kamba za viatu.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2011. Nyumbani aliuliza vikombe vinakaa wapi, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango, viatu miguuni, hadi mkewe akamwambia, "Vua, umefika."

Machi 2019 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Alasiri ya tarehe 6 Februari 2020, akiwa hospitalini, muuguzi alimpigia shemeji simu kwamba hali imebadilika, marehemu akaiomba ile simu, akasema, "Mama Watoto, njoo, ila usikimbie." Naye alitii, akaja kwa miguu, taratibu, na alipofika wodini kitanda kilikuwa kimekwisha kufunikwa. Shemeji, familia inakuambia mbele ya watu wote kwamba hakuna anayekudai dakika zile.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, jirani wa ukuta mmoja aliyelinda nyumba, na mabaharia mliokuja kutoka mbali.

Kaka, mkeo ameketi hapa karibu nawe. Pumzika kwa amani.